Mama-Mukwe Ndani ya Kioo

Toeni kwanza ile fotei, kile kiti kinene. Ninajua hamtaki kuisikia, lakini toeni. Majuzi binti mmoja wa mtaa wa Mikelenge, ameolewa hata harufu ya harusi haijamtoka, alikuja kwangu na simu yake ananionyesha picha za nyumba za huko sijui wapi, nyeupe, pana, hazina hata sufuria. "Bibi Feza, nataka salo yangu ionekane hivi." Nikaenda kuiona hiyo salo, sebule yake ya wageni. Weee! Fotei nne, nene kama viboko waliolala, meza katikati, televizyo kubwa kuliko dirisha, na mume wa watu anapita ubavuubavu ili aufikie mlango wake mwenyewe. Nikamwambia: "Mwanangu, chumba chako si kidogo. Wewe njo umekijaza." Akanuna. Haya, na anune.

Njo maana nimeamua kuyasema yote mara moja, mjukuu wangu anaandika. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya kupamba nyumba mnakuja kuniuliza mmoja mmoja, na magoti yangu hayataki tena kuinuka kila mtu akibisha hodi.

Mimi nilianza wakati nchi inaitwa Zaire, wanaume wamevaa abakosti, hakuna tai shingoni, na kila mtu anaitwa sitwayen, yaani raia. Nilikaa Alunguli, na kazi nyingi zilikuwa ng'ambo ya mto, kwa watu wa reli na wa serikali. Kila asubuhi nilivuka kwa mtumbwi na bunda la vitambaa kichwani. Nilishona rido za madirisha, nilipaka ukuta, nilipanga viti. Na mimi ni mfupi, mnaniona. Nilifanya kazi yangu yote nikiwa nimesimama juu ya kitu: meza, pipa, siku moja juu ya mgongo wa mwenye nyumba, maana meza yake ilikuwa mbovu kuliko mgongo wake.

Lakini niwaonye mapema. Kuna mambo ya kazi hii ambayo hayajaniingia kichwani mpaka leo. Nitayaeleza vile nilivyoyaona. Ninyi wenye masomo mtayafumbua, mkiweza.

Aliyenifundisha ni Fundi Ramazani, mshonaji wa kule sokoni, mtu wa kanzu safi na mdomo mchafu. Kazi yangu ya kwanza aliniacha niifanye peke yangu. Nikachagua kitambaa chenye maua mekundu makubwa, nikashona rido fupi, inaanzia pale dirisha linapoanzia na kuishia pale dirisha linapoishia. Nilijiona fundi kabisa. Ramazani akaja, akasimama mlangoni, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Feza! Umelivalisha dirisha kaptula!"

"Sasa nifanyeje, Baba? Dirisha njo dogo."

"Dirisha ni dogo, ndiyo. Lakini nani ameiambia rido kwamba dirisha ni dogo? Ianzishe juu karibu na dari, iteremshe mpaka chini. Na uache hayo maua, chumba hiki hakina shamba."

Hilo mlishike. Rido ndefu, rangi yake isiachane mbali na rangi ya ukuta, ili jicho likipita lisijikwae. Na viti viwe na miguu inayoonekana. Kiti kilichokaa chini bila miguu kinakula sakafu yote. Chenye miguu, jicho linapita chini yake, linaona sakafu inaendelea, linadanganyika. Kazi yetu ni kulidanganya jicho kwa adabu.

Rangi za dukani zilikuwa zimepotea siku hizo, ukizisikia ziko Kisangani, ukifika Kisangani ziko Kinshasa. Tulipaka chokaa. Tulitia chumvi ili isimwambukize mtu kila anapoegemea, halafu bulu ile ya kufulia nguo, kidogo sana. Chokaa peke yake inazeeka, inakuwa njano. Ukitia bulu kidogo, weupe unarudi nyuma, ukuta unasogea. Kidogo, nimesema! Niliwahi kupitiliza katika nyumba ya mwalimu mmoja, chumba kikawa bluu kama sare ya shule, na wanafunzi wake wakipita nje wanasimama wima.

Tena kuna ule mkanda mweusi wa chini ya ukuta, wa lami, tunaoupaka kwa ajili ya matope ya mvua na mikono ya watoto. Watu walikuwa wanaupandisha mpaka kifuani. Ukifanya hivyo umekikata chumba katikati. Mimi niliushusha mpaka kwenye kifundo cha mguu, na dari ikapanda. Lakini kule Lubutu mfanyabiashara mmoja alikataa katakata. Alitaka mweusi ufike begani. Nikamweleza, nikaeleza tena, akanijibu: "Mama, mimi nimelala porini miaka mingi. Nataka nikiwa nyumbani nijisikie niko ndani." Nikampakia ukuta mpaka begani, akafurahi kama mtoto. Sasa nani alikuwa fundi pale, mimi au yeye? Sijui.

Lakini aliyenivuruga akili kweli ni Ilunga.

Ilunga alikuwa karani wa treni, mtu wa Kasai, mpole, mrefu, anaongea kama anaomba radhi. Alikaa kambi ya reli katika zile nyumba mnazozijua: salo moja, chumba cha kulala kimoja, jiko nje. Mlango wa salo ukiufungua kwa nguvu unaigonga meza. Mke wake Ngalula alikuwa na mimba kubwa. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu mganga wa hospitali alikuwa amesema asibebe mzigo, asisafiri, akae palepale.

Ilunga akanifuata sokoni kwa Fundi Ramazani. "Mama Feza, nisaidie. Mama-mukwe iko anakuja na treni ya Kamina. Anakuja kumuangalia mutoto wake."

"Si jambo la furaha hilo?"

"Njo la furaha. Lakini nyumba umeiona."

Hapo ni lazima niwaeleze, maana ninyi wa leo mnakumbatiana na wakwe zenu hadharani. Kwao Ilunga, mwanaume na mama-mkwe wake wana heshima nzito. Hawatazamani machoni. Hawagusani. Mmoja haoni mwenzake anakula. Jina la mwenzake halitaji. Wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wako palepale. Serikali ilipotuambia tuache majina ya Kikristo, Ilunga alihangaika sana na jina lake jipya, lakini mama-mkwe hakusumbuka, kwani hata lile la zamani hakuwahi kulitamka.

"Asipopata pa kukaa kwa heshima," Ilunga akaniambia, "atamchukua Ngalula azalie kwake Kamina. Hatakosea, njo haki yake. Lakini Mama Feza, mimi ninafanya kazi na ile treni. Ninaijua." Akatazama upande wa reli. "Inasimama porini. Inasimama tu. Na mutoto akikuja mule ndani?"

Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi. Nilijua ni mtoto njo tunayemtafutia nafasi.

Mtaniuliza: kwa nini usikate salo kwa rido katikati, kila mtu upande wake? Nilifikiri hivyo. Lakini ukikikata chumba kidogo unapata mashimo mawili, na Ngalula joto lilikuwa limemkaba, pumzi zenyewe alikuwa anazitafuta. Kwa majirani je? Majirani walikuwa wamejaa watoto mpaka chini ya meza. Hapana. Chumba kilitakiwa kiwe kimoja, chenye hewa, na kikubwa kiasi cha watu wawili kukaa bila kuonana.

Nikafanya kazi, jamani. Nilipaka chokaa yenye bulu, sawasawa. Mkanda mweusi nikaushusha chini. Rido nikazipandisha mpaka kwenye dari. Kabati nikalitupa nje chini ya ukingo wa paa. Fotei nikamwambia azigawe, nikaweka viti vyembamba vya mbao vyenye mikono, viwili tu: kimoja mwisho wa huku kwa mama-mkwe, kimoja mwisho wa kule kwa Ilunga, vyote viwili vinatazama ukuta ule mrefu. Hakuna anayemtazama mwenzake, mnaona? Wote wanatazama ukuta. Nilijipongeza peke yangu. Na juu ya ukuta huo, katikati, nikaangika kioo.

Kioo hicho kilikuwa mlango wa kabati la nguo la nyumba moja ya zamani ya Wazungu, kirefu kuliko mimi. Nilipokipandisha, salo ikawa mbili. Dirisha likawa mawili. Majirani wakaja kushangaa, mwanamke mmoja akataka kupita upande wa pili. Nikaketi kwenye kiti cha mama-mkwe, nikaona kiti cha kule kitupu na mwanga wa dirisha, nikaridhika. Halafu nikaketi kwenye kile cha Ilunga, nikaona kile kingine kitupu. Hakuna aliyefikiri kuviketia vyote viwili kwa wakati mmoja. Nani angefikiri?

Mama-mkwe akafika. Mama Ntumba, mwanamke mnene, sauti ya chini, kikwembe kimefungwa vizuri kabisa. Akaingia, akazungusha macho, akasema: "Eeh, nyumba kubwa hii." Ngalula akacheka. Moyo wangu ukatulia. Nilikuwa nimealikwa, kwa hiyo nilikuwepo. Wakamkaribisha kwenye kiti chake, wakamwekea chakula, bukari na sombe na samaki. Ilunga akarudi kutoka kazini, akasalimu akiwa nje kwa kupitia mkewe, akaingia ameinamisha kichwa, akaketi kwenye kiti chake mwisho wa kule, akatazama ukuta, vile tulivyopatana.

Mama Ntumba akatia tonge mdomoni. Akainua macho. Ilunga naye akainua macho.

Mama yangu! Walikuwa wanatazamana uso kwa uso, mmoja mdomo umejaa.

"Yooo!" Mama Ntumba akajifunika kichwa na kikwembe. Ilunga akaruka nje, kiti kikaanguka. Ngalula anauliza, "Nini? Nini?" Mimi nimesimama katikati, ninatazama kioo, ninatazama watu, ninatazama kioo. Hawajageuka. Kila mtu ameketi nilipomketisha. Wameonanaje?

Wakaitwa wazee wawili wa Kasai wa palepale kambini. Nilidhani watalimaliza. Wakakaa nje, wakaanza.

"Kioo si muntu," mmoja akasema. "Alichokiona njo picha."

"Picha? Wewe ukijinyoa unanyoa picha?"

"Ninanyoa ndevu zangu."

"Na unazionea wapi?"

"Kwenye kioo. Lakini ndevu ziko kwenye kidevu!"

"Basi na mama-mukwe alikuwa kwenye kiti! Umejijibu mwenyewe."

Halafu wakageukia jambo lingine: kama ni kosa, je, ni moja au mawili, kwa kuwa kila mmoja amemuona mwenzake? Na aliyemuona mwenzake anamuona, hilo ni la tatu? Waliondoka bado wanabishana, kila mmoja na sababu zake, na sisi tukabaki tulivyokuwa.

Nikasema ninaondoa kioo, yaishe. Hapo Ngalula akalia. Alikuwa akilala chumbani, mlango wazi, alikuwa anaona ndani ya kioo lile dirisha na mbingu. "Tangu kiwekwe njo ninapata pumzi. Mukikiondoa na mimi ninaondoka." Mama yake akasema, bila kumtaja mtu, kwamba yeye na kile kitu hawawezi kulala nyumba moja, na akaanza kupanga kikapu chake na nguo za binti yake. Treni ilikuwa imeshapangwa. Ilunga nje anaomba nimwambie mama abaki. Mama ndani ananiambia nimwambie mkwewe atafute tiketi. Mke anataka kioo, mama hataki kioo, mume anataka wote wawili wabaki, na mimi nimekuwa mdomo wa kila mtu. Kichwa kilinizunguka mpaka nikamwambia Ilunga atoe kioo na nikamwambia Mama Ntumba abaki na treni. Walinitazama wote.

Jumamosi asubuhi nikavuka tena. Kambi ilikuwa kimya, wanaume na wanawake wote wametoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wanafagia mitaro. Ilunga alikuwa ametoka zamu ya usiku, ameruhusiwa kubaki. Nilikuwa na wazo la mwisho: kioo kibaki ukutani, lakini kisogezwe kidogo, kiinamishwe kidogo, mpaka ipatikane pembe isiyomwonyesha mtu kwa mwenzake. Kwa hiyo ilinilazimu wote wawili wakae kwenye viti vyao na waniambie wanachokiona. Mama Ntumba alikubali kwa shingo upande, kwa ajili ya mtoto wake.

Mimi juu ya pipa, nimeshika kioo. Wao chini.

"Umwambie ule muntu," Mama Ntumba anasema, "ninaona mukono yake."

"Ilunga, unaonekana mkono."

Ilunga anauficha mkono. "Umwambie mama, ninaona kiatu chake. Anisamehe."

"Mama, kiatu."

Ninasogeza kushoto. "Sasa ninaona sikio." Ninasogeza kulia. "Sasa naona yeye muzima!" Ninainamisha. Wote wawili wanaona kichwa changu. Watoto, niliteseka. Kila nikificha kitu, kingine kinatokea, na wale wawili wanazidi kusaidiana wasionane. "Umwambie asogeze kiti nyuma." "Umwambie mama, nimesogeza." Nilianza kusikia kitu kama kicheko ndani ya sauti ya Mama Ntumba, lakini sina hakika, huenda ilikuwa hasira.

Halafu wote wawili wakaacha kusogeza viti kwa pamoja.

Nilitazama ndani ya kioo. Nyuma yao, kwenye mlango wa chumba cha kulala, Ngalula alikuwa amesimama ameshika ukuta. Mdomo wake ulikuwa wazi na sauti haitoki. Chini yake sakafu imelowa, chupa imepasuka, na palikuwa na damu. Kisha akateleza polepole akakaa chini.

Hawakusubiri nimwambie mtu chochote. Waliruka wote. Mama Ntumba akashika miguu, Ilunga akashika mabega, vichwa vyao vikagongana, nilivisikia. Mimi nikashuka kwenye pipa nikaanguka nalo.

"Kiti!" Mama Ntumba akapiga kelele. "Leta kiti, Ilunga!"

Ilunga. Alimwita Ilunga.

Wakamketisha Ngalula kwenye kile kiti chembamba chenye mikono. Nje tuliita watu, hakuna mtu, wote wako mitaroni. Nikashika upande mmoja wa kiti, Ilunga upande wa pili, lakini kwa urefu wake na ufupi wangu Ngalula alitaka kumwagika. "Toka wewe!" Mama Ntumba akanisukuma, akashika mahali pangu. Wakanyanyua. Na kiti kikibebwa hivyo na watu wawili, hakuna namna, lazima watazamane. Walitoka kambini hivyo, mkwe na mama-mkwe, mikono yao imeshikana chini ya kiti, macho kwa macho, wanahema. "Pole pole, baba." "Mama, shimo, kushoto." "Nimeliona, twende." Mimi nilitangulia mbio, ninalia, ninapiga kelele watu wapishe njia, na njia ilikuwa tupu.

Hospitali wakampokea. Tukakaa nje, Ilunga kwenye ngazi, Mama Ntumba kwenye ukingo wa ukuta, amempa mgongo. Muda ule sitaki kuueleza. Ilunga alikuwa ananitazama mimi kama mimi njo ninaye mtoto mfukoni. Halafu tukasikia kilio, chembamba, kina hasira. Mganga akatoka akasema ni mtoto wa kike, na mama yake amechoka lakini yuko.

Ilunga akaweka uso kwenye magoti akalia kwa sauti. Mama Ntumba alikuwa anafuta machozi na ncha ya kikwembe. Akakohoa. "Mama Feza."

"Ee, Mama."

"Umwambie mukwe wangu, leo mimi sikumuona. Niliona kiti tu."

Nikageuka kumwambia, lakini Ilunga alishasikia, alikuwa hatua mbili kutoka pale. "Umwambie mama," akasema, sauti inakatika, "na mimi sikumuona. Niliona kiti."

Nikawaambia. Sijui niliwaambia nini, lakini niliwaambia.

Ngalula alipoachiwa arudi nyumbani nilikwenda kumsalimu, na pia kumalizia kazi. Kioo kilikuwa palepale ukutani, kimeinama nilivyokiacha. Nikamuuliza Mama Ntumba kwa adabu: "Mama, sasa niondoe kile kioo?"

"Kioo gani?" akasema.

Nikakitazama. Ni kikubwa kuliko mimi, nimewaambia. "Kile pale, Mama."

"Mimi sioni kioo," akasema, akaendelea kumbembeleza mtoto. Nikatafuta uso wake, nijue kama ananitania. Hakuonyesha chochote. Nikaviacha vyombo vyangu chini nikakaa.

Mtoto walikuwa wamempa jina la bibi yake, Ntumba, na hapo tena pakaanza mkorogano. Kwao, aliyerithi jina la mtu anaheshimiwa kama mtu huyo mwenyewe. Kwa hiyo yule mtoto, hana hata jino, alikuwa mama-mkwe wa baba yake. Ilunga hakuweza kumwita jina. Alikuwa anamwita "Mama", anamsalimu ameinama.

Mchana ule Ilunga alikuwa anakula nyuma ya nyumba, kama siku zote tangu mama-mkwe afike, sahani kwenye magoti. Mvua ikateremka, ile ya kwetu isiyotoa taarifa. Akakimbilia mlangoni na sahani yake, mgongo umelowa, akasimama. Ndani Mama Ntumba alikuwa kwenye kiti chake, anatazama ukuta. Mtoto alikuwa begani kwake, uso nyuma, macho wazi, anamkodolea baba yake.

Ilunga hakujua afanye nini. Akiingia atakula mbele ya mama-mkwe wawili. Akibaki nje, mvua. Akanitazama mimi, na mimi nikamtazama. Nilikipaka kile chumba, nilikipandisha dari, nilisogeza kuta zake zote, na mtu mwenye nyumba hana pa kusimama na sahani ya chakula.

Mama Ntumba hakugeuka. "Mama Feza, umwambie mukwe wangu aingie, akule. Huyu mutoto macho yake haijaanza kuona vizuri."

Ilunga akauliza taratibu: "Na mama mwenyewe?"

"Umwambie mimi niko natazama ukuta."

Nikatazama ukuta huo. Kwenye kioo nilimwona Mama Ntumba mzima, na mjukuu begani, na nyuma yao Ilunga na sahani yake, na mvua mlangoni. Mama Ntumba alikuwa amefumba macho. Ameyafumba kwa nguvu mpaka uso umekunjamana, na amekaa hivyo, anampapasa mtoto mgongoni.

Ilunga aliona pia. Akaingia, akaketi kwenye kiti chake, akala.